Uji wa Akinyi

Ruiru, Jumamosi, Novemba 1957

Ameunywa! Mama mkwe, aliyekuja kutoka Kisii kumchukua binti yangu Moraa akatahiriwe. Wiki nzima amekataa hata maji ya jirani yetu Akinyi, eti Wajaluo hawatahiri wasichana, mikono yao michafu.

Leo homa imemshika mama mkwe nikiwa shambani nachuma kahawa. Nimerudi nikamkuta Akinyi anamnywesha uji.

"Mama, umesahau huyu hajatahiriwa?" Hasira ya wiki nzima ilikuwa imenijaa.

"Mwambie aongeze sukari."

Kuhusu Moraa hajasema kitu, na mimi kisu kilichonikata sijakisahau. Lakini ile leso mpya aliyomletea Moraa, avae akishapona kidonda cha tohara, jioni hii amempa Akinyi.

Sijamwuliza sababu. Asije akaghairi.