Chomoa Tukifika Nyumba ya Wageni

Santos Suárez, 4 Juni 2017

Mdogo wangu Idalmis,

Salamu nyingi kwako na kwa shemeji Osmel. Natumai huko kilimani hamjambo na goti la Osmel limepoa. Mimi mzima, ukiacha hasira, na hasira hiyo umenipa wewe.

Jana alasiri, kwenye mchezo wetu wa kompyuta, tulikuwa ndani kabisa ya Mgodi wa Chumvi. Mimi mbele na ngao, mwenzetu Landy na uta wake, wewe mganga nyuma ukituponya. Ikanguruma mara moja, mbali, huko juu ya mtaa wa Cerro, nawe ukatoweka kwenye skrini na mtandao wa kilima kizima ukazimika. Mimi na Landy tukaliwa na mbwa wa chumvi. Tumerudi mwanzo wa mgodi, kwa sababu mchezo huu wa Kiti cha Chumvi haukuruhusu kuuhifadhi mahali pengine popote isipokuwa nyumba ya wageni, na kutoka gesti moja hadi nyingine ni alasiri nzima.

Waliotengeneza mchezo huu hawajawahi kukatiwa umeme hata siku moja. Nitaliandika hilo kwenye makala yangu ya uhakiki, na nitaongeza kwamba wana roho ya yule karani anayekurudisha nyumbani kwa sababu hukuleta nakala ya pili.

Ungekuwa mchezo mbovu ningeshautupa. Lakini siku ya kwanza nilimdanganya yule muuza mishumaa, kwa uvivu tu, na baada ya safari ndefu mwanawe akakataa kunifungulia lango la mji. Nimesoma riwaya nene zenye sifa kubwa ambazo hazina kumbukumbu ya namna hiyo.

Miaka sita hatukusemezana kwa sababu ya nyumba ya mama na jinsi ilivyobadilishanwa na nyingine. Sasa tunasemezana kila alasiri, hata kama ni "niponye" na "rudi nyuma". Usinikatie kwa ngurumo ya mbali.

Kakako,
Evelio

*

Lawton, 6 Juni

Kaka Evelio,

Salamu zimefika. Goti la Osmel linauma vilevile, ila mdomo wake hauna maradhi. Ameisoma barua yako kwenye skrini, juu ya bega langu, akasema, "Mwambie shemeji hao mbwa wa chumvi wana akili kumzidi. Radi ikipiga, wao wako chini ya ardhi."

Hujapanda huku siku nyingi, kwa hiyo nikueleze. Swichi yetu, kile kisanduku kinachounganisha kebo za mtandao wa mtaa, imo ndani ya ndoo ya aiskrimu, chini ya mlingoti wa antena unaotuunga na mitaa mingine, juu ya paa la zege. Kebo za nyumba thelathini zinaingia humo. Mwaka juzi radi ilipiga mlingoti wa wenzetu wa Luyanó na hakuna aliyekuwa amechomoa. Ilishuka na kebo mpaka vyumbani. Kompyuta za mtaa mzima ziliungua, na dada mmoja aliyekuwa amevaa hedifoni hadi leo hasikii sikio moja. Nikichomoa kebo ya chumbani naokoa kompyuta yangu peke yake. Kuokoa ya watu wote lazima nipande juu, nichomoe kebo ya mlingoti palepale kwenye ndoo. Ndiyo maana napanda ngurumo ya kwanza, paa likiwa bado kavu. Wenzangu wamenipa kazi hiyo na nimeikubali.

Mchezo wenyewe nami unanikera. Kila jani la dawa lina uzito wake. Eti mganga anaelemewa na mnanaa, wakati wewe unatembea na mapanga saba mgongoni.

Tusubiri Novemba, mvua ziishe. Mgodi hauendi popote.

Mdogo wako,
Idalmis

*

Santos Suárez, 15 Juni

Idalmis mdogo wangu,

Natumai mvua ya jana haikuwaletea maji ndani. Huku tumeweka masufuria, tumezoea.

Novemba haipo. Landy ana tiketi ya Guyana mwisho wa Julai, na kutoka huko atatafuta njia ya kufika Uruguay. Bila yeye hakuna wa kufungua milango ya mgodi, na mchezo haukubali kumwingiza mtu mpya safarini. Itabidi tuanze upya kabisa, kijijini, tukiwa na fimbo na kipande cha mkate. Sema mwenyewe kama huo si ujinga wa waliobuni mchezo.

Tena yule kijana wa Alamar anayejiita Upanga Mweusi ameandika kwenye ubao wa mtandao kwamba mimi ni "mhakiki wa gesti ya kwanza". Watu wamecheka. Mimi niliyebishana na maprofesa ukumbi ukiwa umejaa, leo nachekwa na mtu anayeandika "mchezo poa sana" akaita huo uhakiki. Siwezi kumjibu kabla sijaona mwisho. Kuhukumu kitu usichokimaliza ni tabia ya wale waliokuwa wakikataza vitabu baada ya kusoma majalada, na mimi nimewapinga watu hao maisha yangu yote.

Alasiri hatuwezi kuikwepa. Wewe uko duka la dawa hadi saa nane na Landy anaingia zamu jioni. Basi naomba kitu kidogo. Ngurumo ya kwanza huwa mbali. Subiri ya pili, kisha upande.

Kakako,
Evelio

*

Lawton, 27 Juni

Kaka Evelio,

Hatujambo, ila Osmel hasemi nami tangu jana.

Ulichoomba umekipata. Nilisubiri ya pili, halafu ya tatu, kwa sababu uliendelea kuandika "bado, bado" na Landy alikuwa amebakiza damu kidogo. Nilipopanda mvua ilikuwa imeshafika. Nilipogusa ndoo nywele za mikono zilisimama, na mlingoti ulikuwa unalia, sauti nyembamba kama nyuki aliyefungiwa ndani ya chupa. Nilichomoa nikateremka ngazi kwa makalio. Ikapiga mahali, sikujua wapi. Leo asubuhi nimeona mparachichi wa jirani yetu Caridad umepasuka katikati hadi shinani.

Na gesti hatukufika.

Nikwambie ukweli, nami nataka kufika. Yule bibi kipofu anayetembea nasi mgodini, jana kabla ya ngurumo aliniuliza mbona namponya kila mtu na yeye hajawahi kunisikia nikikaa chini. Miaka mingi hakuna aliyeniuliza hivyo. Najua ni maandishi ya mtu asiyenijua. Lakini nilikaa nayaangalia mpaka Osmel akauliza kama nalia.

Ila sipandi tena namna ile. Tafuta njia nyingine, wewe mwenye kichwa.

Mdogo wako,
Idalmis

*

Santos Suárez, 3 Julai

Mdogo wangu,

Nawasalimu wote wawili, na mpe pole Caridad kwa mparachichi wake.

Nimefikiri. Hatari haiko kwenye kuchomoa. Iko kwenye safari, kutoka kitini kwako, ukumbini, ngazi ya chuma, mpaka juu kwenye maji. Muda huo wote sisi tunauawa mgodini na wewe unalowa. Tena mbele ya zimwi la mwisho mganga hawezi kuondoka, kwa sababu ngao anayotufunika nayo inazimika akiachia kitufe. Hilo nalo nitalisema kwenye makala: ni mchezo gani unaomfunga mtu mmoja kwenye kitufe ili wengine wapate kupigana?

Kwa hiyo mtu mwingine akae juu tangu mwanzo, paa likiwa kavu, mkono karibu na ndoo, asubiri neno lako. Tukifika nyumba ya wageni na mchezo ukahifadhiwa, unaita, naye anachomoa papo hapo. Wewe hupandi kabisa. Mwombe Osmel. Ana buti za mpira za kazini, ana glavu. Mtandikie turubai, avute sigara yake kwa raha. Goti litapumzika.

Nimeligeuza jambo hili kila upande, kama ninavyogeuza hoja ya mpinzani. Sijaona tundu.

Kakako,
Evelio

*

Lawton, 9 Julai

Kaka Evelio,

Sisi wazima. Joto limezidi, na mbwa wa Caridad amejificha chini ya kitanda tangu jana, hataki hata kula.

Osmel amekubali. Amekubali upesi mno, na hilo silipendi. Anasema mwezi huu wote hajaniona nikicheka isipokuwa mbele ya hiki chombo, na kama bei yake ni yeye kukaa juu ya nyumba, basi atakaa. Halafu akasema, "Ila shemeji akishinda aje hapa kwa miguu yake, ale, atuamkie. Miaka sita ya kununa kwa ajili ya nyumba iliyokuwa inavuja."

Basi ni Jumatano. Lakini nisikilize, Evelio. Mbingu ikichafuka vibaya nitamwita achomoe hata kama gesti hatujafika. Niahidi hutaandika "bado".

Mdogo wako,
Idalmis

*

Santos Suárez, 12 Julai, jioni

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu kwako, na kwa Osmel salamu mara mbili. Naona kebo bado hamjairudisha, na kwa mvua hii mnafanya vizuri. Nampa Fefa muuza kahawa barua hii kwa kuwa kesho asubuhi anapanda huko.

Tumefika. Nilikuona ukiingia gestini, ukakaa kitini, ndiyo, ulikaa, mchezo ukaandika kwamba umehifadhiwa, kisha ukatoweka, vilevile tulivyopanga. Hata taa ya swichi yangu haikupepesa. Mwambie Osmel ana mkono mwepesi. Najua niliandika "bado". Niliandika mara mbili. Lakini uliona mwenyewe mlango ulikuwa hatua chache mbele yetu, nisingeweza kukuacha upoteze yote pale.

Sijala tangu mchana, nimeandika. Nataka uwe wa kwanza kusoma:

"Kiti cha Chumvi ni mchezo mkubwa uliotengenezwa na watu wabahili. Wanakupa dunia inayokumbuka kila neno ulilosema, halafu wanakunyima mahali pa kupumzika. Malkia wake anahutubia muda unaotosha kuivisha maharage meusi, na hakuna kitufe cha kumnyamazisha. Aliyeutafsiri kwa Kihispania ana kisasi na lugha hiyo. Uzito wa mifuko umepangwa na mtu ambaye hajawahi kubeba kitu.

Na bado nasema, mbele ya Upanga Mweusi na mashabiki wake, kwamba sijaona mchezo mwingine unaojua vizuri hivi maana ya kumtegemea mtu aliye nyuma yako. Humwoni. Unajua tu kwamba yupo, ameshikilia, na ndiyo maana wewe unaishi. Walalamishi wanataka kuhifadhi kila hatua. Nami nililalamika. Leo nabadili kauli: mchezo usiokutisha kwamba utapoteza haujakupa kitu. Kile tulichoweza kukipoteza ndicho kilichoufanya ushindi wa leo uwe mtamu."

Unaonaje? Nimeubomoa na nimeusifu. Alamar hawatalala.

Jumapili nakuja kula. Nitapanda kwa miguu yangu, kama alivyotaka Osmel. Mwambie atafute nguruwe, nitaleta chupa.

Kakako mwenye furaha,
Evelio

*

Lawton, 13 Julai

Evelio,

Osmel amefariki. Nilimwita achomoe, akajibu "tayari", na radi ikashuka juu ya neno hilo. Kebo ilikuwa mkononi mwake, imeshatoka kwenye ndoo. Katika nyumba zote thelathini hakuna kilichoungua. Caridad na mumewe ndio walionisaidia kumteremsha, kwa sababu ngazi ilikuwa inateleza.

Tuko ukumbi wa maombolezo tangu jana. Tunamzika leo saa tisa.

Fefa amekuja asubuhi na bahasha yako. Alinipa mbele ya watu akidhani ni rambirambi. Nami nilidhani hivyo, nikaifungua palepale. Shangazi Nereida akasema, "Ya kaka yako hiyo? Soma kwa sauti, mwanangu. Yule anajua kuandika." Watu wakasogea karibu. Mama yake Osmel alikuwa amekaa ubavuni kwangu, ameshika mkono wangu.

Sikuisoma. Niliinua karatasi mbele ya uso nikatunga. Nilisema unasema hukuwa na shemeji mwingine. Nilisema unaomba radhi kwa miaka yote uliyonuna, na kwamba ulikuwa umeshapanga kuja kula naye Jumapili. Hilo la Jumapili nililikuta humo, ndilo pekee. Mama yake akaniomba nirudie pale pa radhi. Nikarudia, sijui kama kwa maneno yaleyale. Shangazi amesema hujawahi kuandika vizuri hivyo.

Kisha mama yake akaomba barua yenyewe. Miwani yake imebaki nyumbani, aliishika tu, akaikunja, akaenda kumwekea mwanawe kwenye mfuko wa shati. Sikumzuia. Ningemwambia nini? Jeneza limefungwa nayo ndani.

Fefa anateremka sasa hivi na barua hii. Njoo kabla ya saa tisa. Usilete kitu ulichoandika na usisimame kuzungumza. Watu watakufuata mmoja mmoja wakushukuru kwa maneno yako mazuri, na mama yake ndiye atakayekuwa wa kwanza. Itikia.

Idalmis