Sindano za Naomie

Rumonge, 9 Machi 2024

Mdogo wangu Zipora,

Amahoro kwenu huko Kigoma. Huku mihogo imeshika vizuri, na wajukuu wanakusalimu. Mimi mgongo umenikunja, sitoki tena nje peke yangu.

Wiki iliyopita walinipeleka Minago kwa Naomie, muuguzi Mkongomani anayetibu maumivu kwa kuchoma sindano nyembamba. Nikalala kifudifudi.

"Papa, legeza mugongo! Hii sindano haina dawa ndani. Mwalimu muzima unaogopa?" Akacheka. "Inauma tangu lini?"

"Tangu ujana. Nilibeba mizigo."

Alinichoma sindano kumi na mbili. Sasa maumivu yamepungua na ninalala hadi asubuhi. Usingizi huo siustahili.

Zipora, niliyembeba ni mama. Mwaka 1972, tulipokimbia mauaji, wewe ulipokwisha kutangulia na mjomba, nilimbeba siku mbili kutoka milimani juu ya Gatete, hadi mgongo ukakataa. Akasema, "Nitue, mwanangu, upumzike." Nikamketisha chini ya michikichi, nikamwambia nafuata maji. Nilipofika ziwani nikakuta mtumbwi unaondoka, nikapanda.

Kule kambini ukimbizini, siku ya kuondoa msiba, ulisimama ukanishukuru mbele ya watu kwamba mama alifia mikononi mwangu. Nikapokea pombe ya ndizi, nikanywa.

Nilipomwacha alikuwa hai, Zipora, na akili zake zote. Sijui alinisubiri siku ngapi.

Kaka yako,
Nestori