Baba, Kinu Tumekihamisha

Baba yangu,

Nakusalimu hapo makaburini Likombe ulipolala, na safari hii hakuna wa kukuamsha. Ni mimi Somoe, mwanao wa kwanza. Mama hajambo, ila miguu inamsumbua. Mimi nimepata kazi kiwanda cha korosho, na mwezi huu nimepangiwa zamu ya usiku, kama wewe kule kwenye mashine za umeme. Ndiyo maana naandika. Kuna jambo nimelijua nimechelewa.

Unakumbuka ulivyokuwa ukirudi asubuhi, macho mekundu, nasi ndiyo kwanza tunaanza kutwanga muhogo chini ya dirisha lako? Majirani walikuona wa ajabu, mwanamume mzima kulala jua likiwaka. Hata mimi niliona aibu, nasema kweli. Ulikuwa ukisema, "Usingizi wa mchana maji ya bahari, mwanangu. Unakunywa, kiu iko palepale." Nikacheka, nikadhani ni masihara yako.

Halafu ukabadilika. Ukasema mashine inanguruma mpaka ndani ya mto wako. Ukamfokea Mama mbele ya wageni, kisha ukakaa barazani unalia bila sababu. Wewe, uliyekuwa ukitutania mpaka chai inatutoka puani. Nyumba nzima tukasema, ana pepo. Aliyepanda lori kwenda Nanyamba kumleta fundi wa kupunga pepo ni mimi.

Ngoma zilipigwa siku tatu, usiku na mchana, wewe katikati umefunikwa shuka. Kila ulipoinamisha kichwa walikuinua. Siku ya pili ulinishika mkono ukasema, "Somoe, niacheni nilale tu." Fundi akacheka: "Huyo si baba yako anayesema." Nikamwamini. Nikautoa mkono wako.

Siku ya nne ukaenda kazini. Asubuhi, ukirudi, ulisinzia juu ya baiskeli ukaingia chini ya lori. Watu wakasema pepo amelipiza kisasi. Nami nilisema hivyo, baba, miaka yote hii.

Wiki iliyopita nimelala adhuhuri, mwanangu akaangusha kifuniko cha sufuria. Nilimchapa mpaka mkono ukaniuma. Kisha nikakaa sakafuni nalia, sijui nalia nini, kelele za kiwanda zimejaa masikioni. Mama akasimama mlangoni, akasema taratibu, "Twende kwa fundi, mwanangu." Nikamjibu, "Mama, nataka kulala tu."

Alinitazama sana, nadhani alikusikia wewe. Akatoka, akakibingirisha kinu, na miguu yake ile mibovu, mpaka uani kwa jirani. Tangu siku hiyo hukaa mlangoni na ufito, anafukuza kuku, watoto, na hata shangazi akija kusalimia. Nalala, baba. Kichwa kinatulia kidogo kidogo, na mwanangu nimemwomba radhi.

Wewe nikuombeje? Nimekusomea Yasini kila Alhamisi, na bado kile kiganja chako nakisikia mkononi mwangu. Sina cha kujitetea. Nilikupenda, na nilikunyima kitu kimoja ulichoniomba.

Basi pokea ahadi hii. Mtu wa nyumba hii akisema amechoka, anataka kulala, nitaamini ni yeye mwenyewe anayesema.

Lala, baba. Hakuna anayetwanga.

Mwanao,
Somoe