Kwa Nini Niliurudisha Mtandao

Makutano, Meru.
Jumamosi, 11 Oktoba 2025.

Mpendwa mdogo wangu Nthiga,

Pokea salamu zetu sote. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, joto la huko Doha limepungua, na mgongo haukusumbui tena ukikaa siku nzima kwenye usukani. Sisi huku hatujambo. Mama bado anaumwa na nyonga akigeuzwa, lakini anakula vizuri, na asubuhi anaweza kuketi kwenye kiti kwa muda kabla ya kuomba kulala. Binti yangu Linda yuko shuleni, alikutumia salamu alipokuja likizo.

Najua utashangaa kuona barua ya karatasi zama hizi. Ningefanyaje? Simu yangu huishiki tangu ulipoambiwa uamuzi wa wazee, na ujumbe mmoja tu ulionitumia ni kwamba ningeiacha hiyo mashine ikae na vumbi lake. Liban, kakake jirani yangu Amran, anarudi kazini huko Jumanne. Nimemwomba akutie barua hii mkononi mwako, asimpe mtu mwingine. Tafadhali isome mpaka mwisho kabla hujaikunja.

Nimesikia Muchangi amekuambia nilihongwa na Njura. Huyo Muchangi, binamu yetu, ulimpa kazi ya kusimamia mjengo wako Kiritiri, hukumpa kazi ya kunisimamia mimi. Nihongwe kwa kitu gani, kwa gunia la ndengu? Nitakueleza mambo yalivyokwenda, na ukimaliza ukitaka kununa, nuna, lakini uwe unanuna ukijua ukweli.

Unakumbuka kikao cha kwanza cha wazee wa ukoo, mwezi wa nane. Njura, jirani wa shamba letu, alikuwa amelalamika kwamba msingi wa nyumba yako umeingia kwenye shamba la marehemu babake. Wazee wakataka kumsikia Mama, kwa sababu kati ya watu wazima walioishi pale mikonge ya mpaka ilipopandwa, amebaki yeye tu. Mama hawezi kubebwa kutoka Meru mpaka Kiritiri na nyonga iliyovunjika, kwa hivyo wakakubali wamwone kwa simu. Na siku hiyo simu yangu ikafanya nini? Kila Mama akifungua mdomo, simu inaita. Muchangi anauliza, imeanza? Shangazi anauliza, imeanza? Wewe mwenyewe ulipiga kutoka Doha, tena si mara moja, kuuliza kama imeanza, na kila ukipiga picha inakatika. Wazee walichoka na sisi.

Mwenyekiti wao, Mzee Ngari, alisema hataki tena uso wa mtu uliojaa kwenye kisimu, kwa kuwa mwingine anaweza kusimama kando akimnong'oneza maneno. Alitaka kumwona Mama akiwa ameketi, aione mikono yake, mlango, na chumba chote, na Mama naye awe na kioo kikubwa cha kuwaona wanaomsikiliza. Akatupa kikao kimoja tu. Mama asipoonekana siku hiyo, wangeamua kwa maneno ya Njura peke yake. Jioni ulinipigia ukaniambia, "Dada, fanya uwezalo, hiyo ni nyumba ya Cicily na watoto." Sikuhitaji kukumbushwa. Najua mke wako na watoto bado wanabanana kwa wazazi wake kule Karurumo.

Sasa, kioo kikubwa nilicho nacho mimi ni cha ile kompyuta ya mezani uliyoninunulia wakati ofisi fulani ya Embu ilipokuwa ikiuza mashine zake kuukuu. Unajua vizuri haijawahi kuonja mtandao. Huwa nachapa mitihani ya shule, naiweka kwenye flashi, naipeleka saiba, kwa wenye mtandao, kutumwa. Haina waifai ndani yake hata kidogo. Fundi wa kwanza niliyemwendea mjini alinitazama kwa huruma akaniambia ninunue mashine mpya. Wa pili alitaka kutoboa ukuta apitishe waya kutoka kwa Amran, ambaye ana mtandao nyumbani kwake. Mwenye nyumba aliposikia neno kutoboa, alikataa kabla sijamaliza kueleza.

Amran ndiye aliyenitoa kwenye shida hiyo. Watu wao ni wafanyabiashara waliokuja hapa mjini kutoka Maua, na dukani kwao wanauza vitu vya simu. Alinionyesha kidude kidogo, hakifiki urefu wa kidole gumba, kinachomekwa kwenye tundu la USB na kunasa waifai jinsi simu inavyonasa. Bei yake haikuzidi ya kilo moja ya nyama. Akanipa paswadi yao, akaniazima na kamera ya binti yake Ayan. Nilirudi nyumbani nikiimba njiani.

Furaha hiyo haikukaa. Nilikichomeka, na kompyuta ikakaa kimya. Kumbe kilitaka kuwekewa programu yake kwanza, na programu ilikuwa kwenye sidii, na mlango wa sidii wa mashine ile umekwama tangu Linda akiwa darasa la tatu. Ukitaka kuipakua badala yake, unahitaji mtandao, ule ule ninaouhangaikia. Nilikaa chini nikacheka kwa hasira. Halafu Amran akaniuliza kupitia dirishani kwa nini nisitumie waya wa kuchajia simu. Nikaiunganisha simu na kompyuta kwa waya huo, nikairuhusu data ya simu iingie kwenye mashine, nikaipakua programu. Bando likaisha, lakini taa ya kidude ikaanza kumeta. Nilimkumbatia Mama nikiwa na mwiko mkononi.

Utauliza kwa nini nisingetumia waya huo huo siku ya kikao. Umesahau zile simu za "imeanza?" zilizokuwa zikikata picha?

Hata hivyo mtandao ulikuwa dhaifu, kwa sababu kidude kilikuwa nyuma ya mashine, chini ya meza, kimezibwa na bati la kasha lake na ukuta wa mawe. Nikatafuta waya wa USB wa kurefushia, nikakitundika kidude dirishani upande wa Amran, nikakifunga kwa uzi kwenye chuma cha dirisha. Picha ikatulia. Siku mbili nzima niliijaribu mpaka Mama akaniambia niiache mashine ya watu ipumzike.

Kabla ya kikao nilimuuliza Mama atasema nini. Alinijibu kwamba atasema aliyoyaona. Nilipokuambia jibu hilo ulifurahi, na mimi nilifurahi. Hakuna kati yetu aliyemuuliza aliona nini.

Siku ikafika. Nilimvika Mama ile sweta ya kanisani na kumweka kwenye kiti, mikono juu ya mapaja, kama walivyotaka. Kwenye kioo tuliuona ukumbi wote wa Kiritiri: wazee kwenye benchi ya mbele, Muchangi na watu wetu upande mmoja, na Njura peke yake upande wa pili, ameshika kofia. Amekonda sana yule mtu. Mzee Ngari alimsalimu Mama, akamwuliza kama kuna aliyemfundisha la kusema. Mama akasema hakuna. Akaulizwa mpaka ulikuwa wapi. Mama akamtazama Njura, na hapo hapo picha ikaganda. Upepo ulikuwa umevuta pazia, pazia likavuta uzi, kidude kikachomoka kikaanguka sakafuni.

Mama hakujua. Aliona wazee wametulia akadhani wanamsikiliza, akaendelea kusema na kioo kilichoganda. Mimi nilikuwa nimeinama natafuta kidude chini ya kiti nilipomsikia akisema, "Mpaka hauko pale mikonge ilipo. Mume wangu Ndambiri aliing'oa mwaka ule babake Njura alipolazwa hospitali, akaipanda ng'ambo ya kichuguu. Mimi ndiye niliyeibeba kwa mgongo."

Nthiga, mkono wangu ulikuwa umekipata kidude, lakini sikuinuka. Nilibaki pale sakafuni. Sikuwahi kulisikia jambo hilo, na najua wewe pia hukuwahi kulisikia.

Kisha simu ikaita. Alikuwa Mzee Ngari. Alisema wameona kwa macho yao kwamba tumejitahidi, Mama wamemwona, basi kama mtandao umekataa hawatatuhukumu. Wangengoja mpaka wewe urudi likizo mwezi wa Desemba, waketi na watu wote. Nikamwomba anipe dakika chache.

Hapa ndipo unapotaka kujua, na sitakuficha. Kidude nilikuwa nimekishika. Wazee hawakuwa wamesikia neno hata moja. Niliwaza kukitia mfukoni. Niliwaza kwamba kufikia Desemba ungekuwa umeketi na Mama, na wewe unajua kumlainisha kuliko mimi. Nilimwaza Cicily na watoto. Nakuapia, nilikuwa nimekwisha amua kumwambia Mzee Ngari kwamba mtandao umekataa kabisa.

Mama akageuza kichwa akaniuliza, "Hawanisikii?" Nikamwambia hawakusikia chochote. Akasema, "Rudisha, niseme tena." Nikamwambia polepole kwamba hiyo ni nyumba ya mtoto wake. Akanijibu, "Najua ni ya nani. Rudisha, Muthoni."

Nikarudisha. Nikakichomeka kidude upande usio wake, nikakigeuza, kikaingia. Mama akasema yote tena mbele ya wazee, polepole, bila kulia. Aliyelia ni Njura, amejifunika uso na kofia yake, na Muchangi akatoka nje.

Kwa hivyo ni kweli ninachoshtakiwa, mdogo wangu, ila si kwa hongo. Mtandao niliurudisha kwa mkono wangu nikijua utakuja na nini. Na usidhani nilikuwa na moyo mweupe. Nilimkasirikia Mama. Kwa siku kadhaa nilimpa chai na uji bila kumsemesha, naye akanywa bila kulalamika, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Uamuzi unaujua. Mpaka unarudi upande wetu wa kichuguu, na msingi wako umeangukia kwa Njura. Lakini kuna la pili ambalo Muchangi hakukuambia, kwa kuwa alikuwa ameshatoka nje. Baada ya uamuzi Njura alisimama akawaomba wazee msingi usivunjwe kwanza. Jumapili iliyopita alikuja hapa Meru kumwona Mama, wakazungumza kwa Kimbeere mlango umefungwa, na nilipoitwa nikaambiwa walivyokubaliana. Njura yuko tayari kukuachia mahali pa msingi, naye achukue kipande cha ukubwa huo huo upande wetu wa chini. Sharti lake ni moja. Anataka umwombe mahali hapo wewe mwenyewe, uso kwa uso, na ukubali mbele yake kwamba ardhi ile ilikuwa ya babake. Hataki kulisikia neno hilo kwangu wala kwa Mama. Na hatangoja Desemba. Mvua ikianza atalima na kupanda mpaka ukingoni mwa msingi, na nasikia mawingu yameshaanza kukusanyika upande wa Kiritiri.

Ijumaa hii inayokuja, siku yako ya mapumziko, Njura atakuwa hapa kwangu saa kumi alasiri, ameketi karibu na Mama. Mashine itakuwa imewashwa, na pazia nimelitoa kabisa. Liban anajua jinsi ya kuingia kwenye mkutano, atakusaidia. Saa za huko na za huku ni zile zile, usinipe kisingizio hicho. Mimi sitakupigia kukukumbusha. Usipotokea, Njura atachukua kofia yake arudi kwake, na hakuna atakayemlaumu.

Cicily nilimwendea Karurumo nikamweleza yote mwenyewe, asiyasikie sokoni. Alilia, kisha akaniuliza kama unapokea simu zake, na kama unakula. Mpigie hata kama mimi hutanipigia. Amran anakusalimu, shangazi anakusalimu, na watoto wako wanauliza Desemba ni lini. Mungu akulinde barabarani, akupe usingizi, na akulegeze huo moyo.

Jana nilimuuliza Mama kwa nini hakukuhurumia wewe, mtoto ambaye yeye humwita "baba yangu" kwa kuwa umebeba jina la babu yetu, baba yake mzazi. Aliniagiza nilete kalamu. Kisha akaniambia nikuandikie, na nimeyaandika jinsi alivyoyatamka: "Mwambie baba yangu, nyumba ile hata angeijenga kwa ghorofa, mimi singeingia. Ajenge mahali nitakapoweza kuingia."

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukiwa umenuna,

Muthoni