Gari Nililoliosha Jioni ya Baridi

Stechford, Birmingham

Baba yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na Mama na wote walio hapo nyumbani. Goti lako linaendeleaje? Tulipoongea mara ya mwisho ulisema limetulia, lakini nilimsikia Mama akicheka nyuma yako, kwa hivyo najua ulinidanganya. Endelea kulikanda kwa maji moto hata kama unasema hiyo ni dawa ya wazee. Wewe ni mzee, Baba. Kubali tu.

Mimi ni mzima wa mwili. Hayo mengine ndiyo yaliyonifanya nikae chini niandike kwa mkono, maana kwenye simu siyawezi. Simu ya kwetu inasikilizwa na nyumba nzima, na mwanangu Tito akisikia sauti yangu ikitetemeka hatakula siku hiyo. Kuna dada wa kanisani anakuja Kericho kumzika shangazi yake, naye ndiye atakayekuletea bahasha hii. Isome peke yako kwanza. Kisha msomee Mama polepole, na ukiona afadhali kuruka mahali, ruka.

Baba, nimesimamishwa kazi.

Kazi yangu unaijua. Alfajiri naendesha gari kwenda kwa wazee wasiojiweza, nawatoa kitandani, nawaosha, nawavisha, nawapa chai. Kibali changu cha kuishi nchi hii kimefungwa kwenye kazi hiyo kama ndama kwenye kigingi. Kigingi kiking'olewa, ama nipate mwajiri mwingine upesi, ama nirudi. Na waajiri wenyewe siku hizi hawapatikani, nimeona wenzangu wakihangaika mpaka wakakonda.

Haya yote yameanzia kwenye mlango wa gari. Najua utadhani nafanya mzaha.

Unakumbuka siku niliyokuonyesha gari kwenye simu, ukaniuliza ule weupe ni wa nini? Nikakwambia ni chumvi, huku wakati wa baridi wanaimwaga barabarani ili magari yasiteleze. Ukaguna. Ukasema, "Chumvi inakula bati, Nekesa. Lioshe. Gari halilali na uchafu." Maneno hayo nimeyasikia tangu nikiwa mtoto pale kambini kwa wafanyakazi wa chai. Kila jioni ukirudi na lori la majani chai, ulikuwa ukiliosha kwenye bomba mbele ya watu wote, hata mvua ikinyesha, na madereva wenzako wakikucheka. Sikuona shaka yoyote. Jumapili nilipotoka kanisani nikavaa buti, nikatoa ndoo mbili na sabuni, nikaliosha gari mpaka kwenye mikunjo ya milango. Jirani wa ng'ambo alisimama dirishani akinitazama muda mrefu. Nilidhani ananisifu moyoni. Nikakutumia picha, nawe ukanijibu kwa kidole gumba.

Usiku ule baridi ilishuka. Wewe unaijua sakitu, ule weupe ulioshuka mwaka ule ukaunguza chai yote ya bondeni. Sasa ifikirie imeingia ndani ya kitasa chenye maji.

Jumatatu nilitoka bado giza. Gari lilikuwa linang'aa, zuri kabisa, na halikufunguka. Ufunguo uliingia nusu ukakataa kuzunguka. Nilipuliza pumzi kwenye kitasa hadi mdomo ukanasa kwenye chuma. Nikajaribu milango yote minne. Nikavuta, nikasukuma kwa nyonga, nikaomba, nikatukana kidogo, Mungu anisamehe. Mteja wangu wa kwanza, Bi Jean, anakaa upande wa Selly Oak, ng'ambo nyingine ya mji, na kwa treni lazima ufike kwanza katikati ya jiji ndipo ubadilishe. Nikarudi ndani nikachemsha maji.

Mama Furaha, yule mama wa Bukavu ninayekaa naye nyumba moja, alinikuta mlangoni na birika. Amekaa huku miaka mingi, baridi anaijua.

"Nekesa, usimwange ile maji," akasema. "Itageuka glace mara moja. Ngoja, bwana yangu iko na produit ya kupuliza. Ngoja kidogo, nitaitafuta."

Kungoja ndiko nilikoshindwa. Nilimwaga birika zima, Baba. Mlango wa dereva ulilia, mpira wake ukachanika, ukafunguka. Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Nikaingia, nikawasha injini, nikavuta mlango. Ukarudi. Nikaubamiza, ukarudi tena. Maji yale yalikuwa yameshaganda ndani ya kitasa kama nilivyoambiwa, na ulimi wake haukutoka. Saa ile nilikuwa na mlango usiofungika badala ya mlango usiofunguka. Mama Furaha akaja mbio na kile kikopo, akapuliza, kikatoa pumzi mbili kikaisha.

"Acha gari," akasema. "Pigia ba chef yako telefone."

Nilipiga. Simu ya ofisi ililia mpaka ikakatika. Nikapiga tena, vilevile. Nikaingia ndani nikachukua ile leso ya Mama yenye maua mekundu, aliyonifunga begani uwanja wa ndege. Nikaipitisha kwenye mkono wa mlango, nikaifunga kwenye kiti cha pembeni, nikaikalia ncha moja. Hivyo ndivyo nilivyovuka jiji la Birmingham. Kila kona mlango ulijaribu kwenda zake na mimi nikauvuta kwa leso, upepo ukiingia mpaka machozi yakanitoka. Ungeniona ungeninyang'anya ufunguo. Sikuweza kwenda mbio. Mara tatu nilisimama kando ya barabara kukaza fundo, na vidole havikuwa vinasikia kitu.

Bi Jean ni mdogo wa mwili, zamani alikuwa akishona viti vya magari kiwandani. Ananiita Neki. Kila asubuhi huwa ananiambia nimechelewa, hata nikiwahi, kisha anacheka. Siku hiyo nilifungua mlango wake sikusikia kitu. Nilimkuta sakafuni kati ya kitanda na kiti, mguu umegeuka vibaya, blanketi kalivuta likamfunika nusu.

"Nilikungoja," akaniambia. "Sikutaka kulowanisha kitanda."

Hakunikemea. Nikalala sakafuni kando yake, nikamfunika kwa koti langu, nikamshika mkono mpaka ambulansi ikaja. Nyonga imevunjika. Sikuruhusiwa kupanda naye, na sijaruhusiwa kwenda kumwona. Kila nikifumba macho namsikia akisema sikutaka kulowanisha kitanda. Hilo linanila kuliko kazi yenyewe, lakini kazi nayo inanila.

Msimamizi wetu ni Mkenya mwenzangu, kijana wa Nairobi. Alinipigia mchana.

"Dada, hii kitu imenipita. Iko juu kwa management. Wewe kaa home, wait for the call. Lakini niambie ukweli, hiyo gari ilikuwa na shida gani?"

"Milango iliganda. Niliosha gari Jumapili jioni."

"Uliosha gari na hii baridi? Nani alikuambia ufanye hivyo?"

"Hakuna mtu. Ni mimi mwenyewe."

Akasema ataandika hivyo hivyo.

Baba, nakwambia haya kwa sababu tangu utoto nimeshindwa kukuficha jambo. Sikulaumu. Siku moja nilikulaumu, siwezi kukataa. Nilikasirika nikatupa ile ndoo uani ikapasuka, nikasema kwa sauti, Baba hajui baridi ya huku, kwa nini hakunyamaza. Kisha nikakumbuka ulivyokuwa ukisimama kwenye bomba na suruali imelowa hadi magotini, na hasira ikaniisha. Hukujua, nami sikuuliza mtu. Mama Furaha yuko chumba cha pili. Ningemuuliza tu, je, mnaosha magari saa hizi? Maji yakimwagika hayazoleki.

Ijumaa nitaketi mbele ya wakubwa wa kampuni waamue. Nimejaribu kupanga maneno. Nikisema mlango uliganda, watasema wenzako wote waliamka kwenye baridi ileile na walifika. Ni kweli walifika. Nashinda nimekaa kwenye kitanda na koti mwilini. Mama Furaha ananiletea bugali na sombe, ile mboga yao ya majani ya muhogo, anasema, "Kula, dada, Mungu hajalala," nami namwitikia kwa heshima, lakini moyoni nahisi kama Mungu hanioni. Usimsomee Mama sentensi hiyo.

Kuna jambo lingine, nalo utaona nimechanganyikiwa. Tangu wanisimamishe, kila alfajiri naamka saa ileile, navaa sare, natoka kwenda kujaribu milango. Sina pa kwenda, lakini natoka. Nimepaka kitasa dawa, nimepaka mipira ya milango mafuta kama alivyonielekeza bwana wa Mama Furaha, na usiku nalifunika gari kwa turubai. Leo asubuhi baridi ilikuwa kali kuliko ile ya Jumatatu. Nikaingiza ufunguo, ukazunguka bila kelele. Mlango ukafunguka kwa mkono mmoja, ukafungika kwa mkono mmoja. Nikakaa ndani, mikono kwenye usukani, na hapakuwa na mtu hata mmoja Birmingham nzima anayeningoja. Nililia, Baba. Nililia mpaka vioo vikaingia ukungu.

Gari sasa ni chafu. Limekuwa jeupe kwa chumvi toka mbele hadi nyuma, na nimeliacha hivyo. Ukiliona kwenye simu, usiseme kitu.

Msalimie Mama, mwambie leso yake imechanika pindo moja, nitaishona. Msalimie dada yangu anayenilelea Tito, namshukuru sana kwa uvumilivu wake. Mwambie Tito nimeona picha aliyochora, ila mimi si mnene hivyo. Wasalimie madereva wenzako wa zamani, na mchungaji wetu, aniombee bila kuuliza sababu.

Na wewe, Baba, nakuomba moja. Tulipokuwa wadogo ulikataza mlango wa jikoni usitiwe komeo kabla mtu wa mwisho hajaingia, hata kama ni wewe mwenyewe umechelewa na lori. Tulikuwa tukilala na mlango umerudishwa tu. Sijui Ijumaa itasema nini. Mwambie Mama asitie komeo.

Ni mimi binti yako,
Nekesa