Tela Halivutwi Uchi

Kwenye shamba la mkonge,
Barabara ya Horohoro, Tanga.
Jumapili, baada ya ibada.

Dada yangu Naelijwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama, na kwamba kifua cha Mama kimetulia sasa baridi ya huko Gonja imeanza kupungua. Mimi mwili ni mzima, ila nina mikwaruzo shingoni ambayo inakauka. Moyo ndio sijui niuelezeje. Tafadhali barua hii usiisome kwa sauti mezani kama zile nyingine. Isome peke yako, kisha mwambie Mama yale tu utakayoona anaweza kuyabeba.

Nimemtia mtu mahabusu, Dada. Mtu asiye na kosa lolote. Acha nianze mwanzo, usinihukumu kabla sijamaliza.

Jumatatu tulitumwa Horohoro kupokea pampu ya maji iliyokuwa ikiletwa kutoka Mombasa. Tulikuwa watatu ndani ya Landrova mpya ya shamba. Mbele alikaa Bwana, yaani meneja msaidizi, Mzungu kijana ambaye hajamaliza miezi minne hapa. Dereva alikuwa Salehe, mtu mzima wa Makorora. Mimi nilikuwa nyuma kwenye benchi, makaratasi ya forodha mapajani, na nyuma yangu kulikuwa na dirisha kubwa la kioo. Tulivuta tela tupu la bati, la kubebea hiyo pampu.

Kabla hatujaondoka nilimkuta Salehe akifunga gunia lililoshindiliwa makumbi ya nazi kwenye uso wa lile tela. Chini ya mkia wa gari, nyuma ya magurudumu, alikuwa amening'iniza kamba za mkonge, nene kama ufagio.

"Hii nini, Bwana Salehe? Kafara?" nilimwuliza.

"Tela halivutwi uchi, karani. Aliyenifundisha udereva alilivisha, nami nalivisha."

"Na usipolivisha?"

"Sijawahi kutolivisha, nitajuaje?"

Nilicheka. Unajua tulivyolelewa sisi, kuogopa hirizi na kuzidharau papo hapo. Nilimwambia kwamba Bwana ataona haya kufika mpakani na gari lililovaa kama mganga. Salehe alinitazama juu mpaka chini. "Haya, msomi," akasema, akafungua vyote akavitupa ghalani.

Huku kwetu lami hakuna. Ni changarawe na vijiwe vyenye makali. Tulikwenda kwa kasi, tela likirukaruka kwa kuwa ni tupu, nami nilikuwa nikisikia ta, ta, ta, nikidhani ni chini ya gari. Ghafla ukatokea mlio kama wa bunduki. Kioo kilikuwapo, kisha hakipo, nami nimejaa vipande kichwani, ndani ya kola, mpaka mdomoni. Bwana alipiga kelele akajikunja chini ya dirisha lake. Nilipoinua kichwa nikatazama nje kupitia lile tundu, nilimwona mtu pembeni mwa shamba la mahindi, mkono juu, kombeo likining'inia.

"Yule! Yule pale, ana kombeo!"

Ni mimi niliyesema, Dada. Hakuna mwingine.

Salehe alifunga breki. Yule mtu hakukimbia. Alitujia mbio, akisema, "Poleni! Poleni jamani! Kuna aliyeumia?" Jina lake Mbwana, Mdigo, mkulima, mwenye mvi chache kidevuni. Alikuwa ameshuka kutoka kwenye dungu lake, kile kitanda cha miti wanachokaa juu kulinda mazao, ili kufukuza ngedere. Bwana alimnyang'anya kombeo, akaniambia nimwulize kwa nini ametupiga.

"Mimi?" Mbwana akashangaa. "Mimi nawapiga ngedere. Tangu lini ngedere wakapanda Landrova?"

Salehe alitaka kucheka. Mimi, mwanafunzi mwema, nikatafsiri neno kwa neno, na Bwana akawa mwekundu, akidhani tumeitwa nyani. Bwana huyu alikuwa Kenya kabla ya kuja kwetu, na kwa mambo yanayosikika kutoka huko siku hizi, jiwe kwenye gari la Mzungu si jiwe tu. Tukampakia Mbwana, tukampeleka kituo cha polisi.

Huko nilipewa karatasi. Niliandika kwa mwandiko wangu mzuri kwamba nilimwona kwa macho yangu akirusha jiwe. Sikumwona akirusha. Niliona mkono uko juu, kioo kikiwa kimekwisha kuvunjika. Lakini kalamu ilikuwa inakwenda, Bwana amesimama begani kwangu, nami nikatia sahihi. Tulipotoka tulimkuta mkewe amefika, ametufuata kwa miguu njia nzima, jembe bado mkononi. Alikaa chini nje ya kituo.

Alhamisi Salehe aliziba lile tundu kwa ubao, tukaondoka sisi wawili kwenda kwa fundi wa Nguvumali kutafuta kioo kingine. Tela tulilivuta, bado uchi, turudi na saruji. Kiti cha mbele kilikuwa na fremu ya dirisha iliyofungwa blanketi, kwa hiyo nilikaa nyuma. Tulipofika katikati ya mkonge, paa! Ule ubao ukapigwa. Nikaanguka kifudifudi. Paa! Mara ya pili.

"Simamisha! Tunapigwa!"

Tulishuka. Hapakuwa na mtu. Mkonge umepandwa kwa mistari, unaona mpaka mwisho. Hata kuku asingejificha. Ndipo nilipotazama uso wa tela. Rangi ilikuwa imebanduka vidoa vidoa, bati limebonyeabonyea kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Salehe aliokota kijiwe kilichokwama kwenye chuma cha kuvutia, akakiweka kwenye shimo mojawapo. Kikaingia sawasawa. Akatazama gurudumu la nyuma, akatazama tela, akatazama ubao.

"Gurudumu linarusha, tela linarudisha," alisema polepole. "Karani, tumejipiga wenyewe."

"Kwa nini hukusema siku ile?"

"Wallahi sikujua! Mimi nilifundishwa kuvisha, sikufundishwa kwa nini. Na wewe ulisema ni mtu. Wewe ndiye uliyesoma."

Tulifunga blanketi na koti langu kwenye uso wa tela, tukaendelea mbele kidogo. Kimya. Hakuna jiwe hata moja lililotupata. Dada, hapo nikamkumbuka Mbwana na ile karatasi niliyotia sahihi. Nilishindwa kupanda gari. Salehe alinishika mkono kama mgonjwa.

Hatukufika Nguvumali. Tulirudi, nikamweleza Bwana yote, pamoja na lile gunia. Alinisikiliza bila kunikatiza, kisha akasema, "Uliandika kwamba uliona."

"Sikuona, Bwana."

"Kesi ni Jumatatu. Ukigeuza maneno yako, wewe ndiye mwongo. Mimi siwezi kuweka karani mwongo."

Nilikaa na neno hilo asubuhi nzima ya Ijumaa. Sitakudanganya: niliwaza kunyamaza. Niliwaza ada ya shule ya wadogo zetu, nikawaza pia kwamba wanaweza kunifunga mimi. Kisha nikawaza yule mama na jembe lake pale chini, nikamwendea Salehe. Alikuwa tayari ameshafunga tela nyuma ya gari, likiwa uchi.

Kituoni nilimweleza sajini yote, nikamwomba akae ndani ya gari kwenye lile benchi la nyuma nilipokuwa nimekaa.

"Yaani unataka nipigwe mawe ndipo nikuamini?" akasema, na askari wake wakaangua kicheko.

"Ndiyo, afande."

Alivaa kofia yake akaingia. Hatukwenda hata maili mbili, ubao ukawa umepigwa mara tatu nyuma ya kisogo chake. Alisema neno moja tu: "Simama." Alishuka akalipapasa lile tela kwa viganja vyote viwili. Tuliporudi nikaandika karatasi nyingine, kwamba ile ya kwanza haikuwa kweli. Jana asubuhi Mbwana aliachiwa.

Nilidhani hapo yamekwisha. Jana alasiri nilikwenda kwake kuomba radhi, na kabla sijafika nyumba nililiona shamba. Siku tano hapakuwa na mtu kwenye dungu. Mke alikuwa kituoni, mume ndani. Ngedere hawakubakiza kitu. Mabua yalikuwa yamevunjwa, na mahindi machanga yametafunwa nusunusu na kutupwa, kila mahali, shamba zima. Nilisimama pale nisijue niende mbele au nyuma.

Mbwana aliniona akaniita. Nilikuwa nimepanga maneno yangu vizuri, lakini yeye akanitangulia. Aliniuliza, "Shingo yako imepona?" Mkewe akaninawisha maji, akaweka muhogo wa kuchemsha waliopewa na jirani. Walikula, nami nikala. Dada, sikujua kama nina haki ya kula, wala sikujua kama nina haki ya kukataa.

Bwana hajasema nami tangu Ijumaa. Kesho ataniita ofisini.

Nisalimie sana Mama, mwambie sala zake nazihitaji. Msalimie Baba Mdogo fundi seremala, na mke wake, na wadogo zetu wote, na mwalimu wa kwaya aliyenifundisha kusoma noti. Na mkiniona nikishuka kwenye basi na sanduku langu kabla ya Pasaka, watu wataanza kusema. Wewe usibishane nao. Mwambie Mama tu kwamba sikuiba.

Ndimi mdogo wako akupendaye,
Elirehema