Zamu Baada ya Kaka

Jumatatu, 3 Machi
Hatimaye! Maktaba imetupa akaunti ya kusomea majarida ya utafiti, yale ya kulipia. Akaunti moja, nywila moja, wahariri wa kujitolea wa kamusi elezo ya mtandaoni kumi na mmoja. Ukiingia wewe, aliyemo anatupwa nje bila hodi. Basi mkutubi katupangia zamu, saa moja moja. Kaka saa nane, akiwa kwake nyumbani. Mimi saa tisa, hapa maktabani. Makala yangu ya mende humo ina mashimo kuliko chandarua cha zamani. Kaka kanicheka simuni, eti Mama Mende kapata shule. Mwache acheke. Sisi tunamwita Bwana Chanzo: andika jua linawaka, atakuuliza chanzo kiko wapi.

Jumatano, 5 Machi
Kumbe akaunti ikiwa moja, na orodha ya vilivyotafutwa ni moja. Naona alichotafuta kila mtu! Mwalimu mstaafu — reli. Kinyozi — nyota. Kaka siku zote ni madaraja. Alikuwa mpima ardhi. Leo hakuna daraja. Kongosho, mara nne. Labda anamsaidia mtu makala.

Ijumaa, 7 Machi
"Saratani ya kongosho iliyosambaa." Saa nane na dakika kumi. "Muda wa kuishi bila matibabu." Saa nane na nusu.
Nimesoma kila alichofungua. Wanahesabu miezi. Mende sikuwagusa.

Jumamosi, 8 Machi
Nimekwenda kwa Kaka. Wifi anamchemshia maziwa — daktari kasema ni vidonda vya tumbo, aache pilipili. Mkanda wa Kaka umefika tundu alilotoboa mwenyewe kwa msumari. Nikamuuliza Kaka daktari gani huyo. Daktari ni daktari, akasema. Nikamwambia, kwa utani, chanzo kiko wapi? Wifi akacheka mpaka akashika mlango. Kaka hakucheka. Akatoka kumwagilia maua, na mvua ilikuwa imetoka kunyesha.
Mficha maradhi kifo humuumbua. Mama alikuwa akitutolea methali hiyo tukificha homa ili tuendelee kucheza. Leo naiogopa.

Jumatatu, 10 Machi
"Maumivu, wiki za mwisho, nyumbani."
Nimelia kwenye choo cha maktaba, bomba nimelifungua wasinisikie. Kinyozi kaniuliza ni nani kati yetu anaandika habari za saratani. Nikasema mimi. Akanipongeza! Kazi nzito hiyo dada, akasema, Mungu akutie nguvu.
Nina hasira. Watu kumi na mmoja tunaiona orodha, mkewe Kaka haioni. Nikamtajia mkutubi kasoro ile, kwamba orodha inaonekana na wote. Akashangaa — mbona Kaka aliiona tangu siku ya kwanza, yeye ndiye aliyeijaribu akaunti. Na ndiye aliyeomba zamu yake itangulie yangu.
Alijua. Ameshindwa kuniambia kwa mdomo, kanipa nisome. Na mimi siku tano nasoma tu, kama kawaida yetu, kila mtu na kimya chake.

Jumanne, 11 Machi
Asubuhi mkutubi katuita. Wenye majarida wamegundua nywila moja inatumiwa na watu kumi na mmoja. Wanaifunga leo jioni. Mwalimu mstaafu akalalamika kuhusu reli zake. Mimi nilikuwa nawaza orodha.
Nimempigia Kaka tubadilishane: mimi saa nane, yeye saa tisa. Hakuuliza kwa nini. Sauti imekuwa nyembamba. Nilitaka kusema pale pale, nikamwuliza habari za maua.
Dawa sina. Majarida hayana, nimeyasoma yote. Angalau siri asiibebe peke yake.
Nimeandika kwenye kisanduku cha kutafutia: "Kaka, najua. Tumwambie wifi pamoja." Nikabonyeza. Ikajibu hakuna matokeo. Lakini imekaa juu kabisa ya orodha.
Saa tisa kasoro dakika tano. Naandika huku naitazama skrini. Na kama nimekosea? Kama alitaka tujue wawili tu, basi? Nijaribu kuifuta. Haifutiki. Mkutubi pekee ndiye anayeweza, na ametoka —
Nimetupwa nje. Akaunti inatumiwa na mtu mwingine.
Kawahi dakika mbili. Wifi atakuwa jikoni na maziwa yake. Kaka yumo, anasoma.